Barua Uliyoitupa Ilikuwa na Laptopu Ndani

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Columbus, Ohio. Wengi mlikuwa zamu siku hiyo mkaomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Mahali nilipokatizwa pia nimepaacha kama palivyokuwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, asanteni kwa kuja. Na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona. Itifaki imezingatiwa.

Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa amewahi kupokea postikadi au barua pepe yenye jina lake, ikimwambia kuna kesi mahakamani na yeye ni sehemu ya kesi hiyo, ilhali hajawahi kumshtaki mtu maishani mwake? Nyosheni mikono. Haya, ni wengi. Sasa abaki na mkono juu yule aliyeisoma hadi mwisho.

Mmeona wenyewe. Mkono mmoja, na mwenye mkono huo anasomea sheria.

Leo nataka tuzungumzie kesi iliyokwisha zamani. Nimeichagua ya zamani kwa makusudi, kwa sababu tunajua ilivyoanza, tunajua ilivyoisha, na tunajua nani aliondoka na kitu na nani aliondoka mikono mitupu. Ni kesi ya chipu za picha za kampuni ya NVIDIA, zilizokuwa ndani ya laptopu za HP, Dell na Apple. Vijana mnaijua NVIDIA kwa akili mnemba na kwa bei ya hisa zake. Mwaka 2008 ilikuwa inatajwa kwa jambo jingine kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Ndani ya laptopu kuna chipu inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Chipu hiyo imekaa juu ya vitone vidogo mno vya risasi, yale madini laini ya kulehemia, mamia kwa mamia, na ndivyo vinavyopitisha umeme. Katikati ya vitone humiminwa gundi ya kuvishikilia. Ukiwasha mashine, chipu inapata moto na kutanuka. Ukizima, inapoa na kusinyaa. Kama risasi na gundi hazikuchaguliwa zikaendana, vitone vinaanza kupata nyufa, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika. Sasa wewe mnunuzi umekosea nini? Hukuiangusha. Hukuimwagia chai. Uliiwasha na kuizima, basi.

Miaka hiyo mimi nilikuwa fundi Kariakoo, Dar es Salaam. Laptopu zilizotumika zilikuwa zikishuka kwa makontena, na dalili za wagonjwa wetu zilikuwa zilezile. Mistari ya rangi kutoka juu hadi chini. Picha moja imejigawa mara sita kwenye kioo kimoja. Au taa zinawaka, feni inazunguka, unasikia hata mlio wa kuamka, lakini kioo ni cheusi tii.

Tulikuwa tunafungua bodi, tunaifunika kwa karatasi ya foili, tunakata kidirisha pale penye chipu tu. Unapaka flaksi, ile dawa ya kulehemia, pembezoni. Halafu bloa, kifaa cha kupuliza hewa ya moto, unaishusha taratibu huku unaizungusha, usiiache isimame mahali pamoja. Flaksi ikianza kufuka na kunukia, unahesabu polepole, kisha unainua. Hapo mtu asiiguse meza! Bodi ikitikiswa ikiwa bado ya moto, umeiua. Ikipoa unawasha, na picha hiyo hapo, safi kama imetoka dukani. Mteja anacheka, analipa, anaondoka. Baada ya wiki kadhaa yuko mlangoni tena na begi lake begani, na uso wake unakueleza kila kitu kabla hajafungua mdomo.

Hatukuwa tunamdanganya mtu. Tulimwambia kabla hajatoa pesa: mama, hii ni ya kusogeza siku tu. Joto lilivigusanisha vitone kwa muda, lakini kasoro ilibaki ndani ya chipu ileile. Dawa ya kweli ilikuwa kung'oa chipu na kuweka nyingine iliyotengenezwa kwa vifaa vingine, na sisi chipu hizo tungezitoa wapi? Zilizokuwa zinauzwa mitaani nyingi zilikuwa zimetolewa kwenye bodi nyingine zilizokufa.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia pale Kariakoo ni kwamba wakati sisi tunapuliza joto, mjini San Jose, California, jalada lilikuwa limeshafunguliwa.

Sasa sikilizeni mtiririko wa habari ulivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Nani aliambiwa kwanza?

Tarehe 2 Julai 2008, NVIDIA ilitoa taarifa kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya gharama za waranti, yaani dhamana ya kutengenezewa bure, matengenezo na kubadilisha bidhaa, kutokana na udhaifu wa vifaa vilivyotumika kufungia baadhi ya chipu zake za laptopu. Taarifa ile ilikuwa ya nani? Ya wawekezaji. Sheria za soko la hisa za Marekani zinailazimu kampuni kuwaambia wenye hisa habari nzito kama hiyo. Kesho yake bei ya hisa ikaanguka kwa karibu asilimia 30. Katika miaka miwili iliyofuata kampuni iliongeza fungu hilo tena na tena, hadi likapita dola milioni 400.

Kwa hiyo mwenye hisa aliambiwa kwa maandishi, na kwa tarehe. Na mwenye laptopu je? Mwenye laptopu aliambiwa na kioo chake mwenyewe, siku kilipozimika.

Simalizi hapo. Watengenezaji wa laptopu nao walikuwa wameshaanza kusikia harufu. HP, mwishoni mwa mwaka 2007, ilirefusha huduma ya waranti hadi miezi 24 kwa baadhi ya mashine za Pavilion dv2000, dv6000 na dv9000, na za Compaq Presario V3000 na V6000. Pamoja na hilo, ikawaomba wateja wapakue programu mpya ya msingi, ile inayoamka kabla ya Windows. Programu ile ilifanya nini? Ilifanya feni izunguke muda mrefu zaidi. Dell nayo mwaka 2008 ikatoa programu ya namna hiyohiyo, na baadaye ikaongeza miezi 12 ya waranti.

Mwanasheria wa walalamikaji hakuhitaji kuwa fundi wa Kariakoo kuuliza: feni inaziba ufa? Feni inapunguza joto, na joto likipungua ufa unachelewa kufunguka. Lakini ukichelewa unafunguka lini? Unaweza kufunguka baada ya waranti kuisha. Walalamikaji walisema wazi kwamba hilo halikuwa tiba, na kwamba lilikula chaji ya betri na kuongeza kelele. Maoni yangu mimi niliyezishika mashine za namna hiyo ni kwamba walikuwa na haki kabisa kulisema.

Apple ilichukua njia nyingine. Oktoba 2008 ilitangaza kwamba NVIDIA iliihakikishia kuwa kompyuta zake hazina tatizo, lakini uchunguzi wake yenyewe umeonyesha kuwa baadhi ya MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT zinaweza kuwa nalo. Hizo ni zile zilizotengenezwa kati ya Mei 2007 na Septemba 2008 hivi. Ikaahidi kuzitengeneza bure ndani ya miaka miwili tangu kununuliwa, hata kama waranti imeisha, na muda huo ikauongeza baadaye. Na waliokuwa wameshalipia matengenezo, ikasema itawarudishia pesa zao. Mimi si mpenzi wa bei za Apple, lakini pale walisema kweli hadharani.

Haya, twende mahakamani. Kuanzia Septemba 2008 watu wachache walifungua mashauri dhidi ya NVIDIA katika Mahakama ya Shirikisho, Wilaya ya Kaskazini ya California, na mashauri yao yakaunganishwa kuwa moja, mbele ya Jaji James Ware. Watu wachache hao walishtaki kwa niaba ya wanunuzi wote wa Marekani wenye mashine za aina hiyo. Ndiyo maana ya kesi ya kundi. Wewe uko kazini unapakia maboksi, na kuna mtu usiyemjua anakudai haki yako. Mwaka 2010 pande mbili zikafikia mapatano. Tarehe 20 Desemba 2010 jaji akayaidhinisha.

Na mwisho wa kudai ulikuwa lini? Tarehe 14 Machi 2011.

Hesabuni wenyewe. Kuanzia Krismasi, mwaka mpya, theluji hadi magotini, mpaka katikati ya Machi. Haikufika miezi mitatu. Ambaye fomu yake haikuwa imeingia tarehe hiyo, haki yake ilikwisha, hata kama laptopu yake ilikuwa imelala kabatini na picha sita kwenye kioo.

Walioingia walipata nini? Wenye Dell na Apple zilizokuwa kwenye orodha walituma mashine zao zikabadilishwa chipu. Kulikuwa na fungu pia la kuwarejeshea waliokuwa wametengeneza kwa pesa zao wenyewe. Wenye HP na Compaq hawakutengenezewa. Wao walipewa laptopu nyingine, na mapatano yalisema iwe ya aina na thamani inayolingana na ile ya zamani.

Hapo pakazuka kelele, na kelele hizo zina somo kwetu. Mashine iliyochaguliwa ilikuwa Compaq Presario CQ56, ya bei ya chini, iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 400. Fikiria wewe ulijibana mwaka 2007 ukanunua dv9000, kioo cha inchi 17, spika nzuri, kichakataji, yaani ubongo wa mashine, chenye viini viwili, umetoa zaidi ya dola elfu. Leo unaletewa boksi, unafungua, unakuta mashine ya kioo kidogo na kichakataji chenye kiini kimoja. Mawakili wa kampuni wanasema inalingana, kwa kuwa teknolojia imeshuka bei na mashine yako ya zamani leo haina thamani ile. Wewe unasema hailingani, kwa kuwa mimi nilinunua hicho kikubwa kwa sababu nakihitaji.

Nani yuko sahihi? Baadhi ya wanakundi walitafuta mwanasheria wao, wakaenda kwa jaji kulalamika kwamba mapatano yamevunjwa. Jaji hakukubaliana nao. CQ56 ikabaki.

Mimi naona walionewa. Lakini angalieni jambo moja: waliweza kulalamika kwa sababu walikuwa ndani. Walikuwa na namba ya dai, walikuwa na barua, walikuwa na jina kwenye orodha. Aliyeitupa postikadi hata CQ56 ya kuilalamikia hakuwa nayo!

Hapa mama mmoja wa Kongo alinyanyua mkono, akauliza kwa sauti ya juu: "Na kama mashine ulishaituma Uvira?"

Mama, umeuliza swali la watu wote waliomo humu. Sisi mashine zetu hazikai. Zikichoka kidogo zinaingia kwenye pipa na nguo na mchele, zinakwenda Uvira, Mombasa, Kigoma. Mapatano yale yalimtambua aliyenunua Marekani. Kwa hiyo ulipoinunua wewe Ohio, jina lako lilikuwa ndani. Lakini ili upate kitu, mashine yenyewe ilibidi uitume kwao, wakakupa nyingine au wakaitengeneza. Sasa mashine iko Uvira kwa mdogo wako. Utaipataje kabla ya Machi 14? Na mdogo wako, ambaye ndiye aliyebaki na kioo cheusi, hakuwa na dai lolote, maana yeye hakuinunua Marekani. Haki ilibaki huku, mzigo ukaenda kule. Wengi wa wateja wangu wa Kariakoo walikuwa katika hali hiyohiyo bila kujua.

Kwa hiyo kabla hujafunga pipa, geuza laptopu uipige picha mgongoni, penye namba yake. Piga picha ya risiti pia, kwa sababu risiti za dukani zile za karatasi laini zinafifia mpaka zinakuwa nyeupe. Jitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Na ukishasikia kuna malalamiko ya aina ya mashine uliyo nayo, usiitume kwanza.

Sasa tuje kwenye ile karatasi yenyewe. Barua ya kesi ya kundi, hata ikiwa na kurasa kumi, inakupa njia nne. Ujaze fomu udai. Ujitoe kwenye kundi ili ubaki huru kushtaki peke yako. Ubaki ndani lakini umwandikie jaji kwamba mapatano haya si ya haki. Au usifanye lolote.

Wengi wetu tunaichagua hiyo ya nne, tukidhani ni sawa na kukaa nje. Si kukaa nje! Ukikaa kimya katika kesi za namna hii, kwa kawaida unabaki ndani ya kundi: hupati kitu, na haki ya kuishtaki kampuni kwa jambo lilelile unakuwa umeiachia.

Kuna kijana wetu mmoja, simtaji, yuko hapa. Yeye na ndugu yake walinunua MacBook za aina moja, zile zenye kibodi ya kipepeo iliyokuwa inanasa vumbi na kurudia herufi. Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 mwaka 2022 kumaliza kesi ya kibodi hizo, bila kukiri kosa. Aliyebadilishiwa sehemu nzima ya juu ya mashine mara mbili au zaidi aliweza kupata hadi dola 395. Ndugu yake anaishi New Jersey, akajaza, akapata hundi. Huyu wetu wa Ohio alikuwa na mashine ileile, vumbi lilelile, herufi zilezile. Hakupata. Kwa nini? Kesi ile ilihusu wanunuzi wa majimbo saba: California, Florida, Illinois, Michigan, New Jersey, New York na Washington. Ohio haimo. Alinipigia simu amekasirika, nikamwambia hasira zako ni halali lakini ukurasa wa kwanza wa barua ulikuwa unasema. Kwa hiyo usijaze kwa kuwa jirani amejaza. Soma kwanza nani anahusika.

Na hili nalisema taratibu ili kila mtu alisikie. Fomu hizi nyingi unazisaini kwa kiapo, na kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Kuna watu wanasambaza viungo kwenye makundi ya WhatsApp: "jaza hapa, hawaulizi risiti, utapata dola kadhaa." Ndugu yangu, wewe una faili la uhamiaji linasubiri uamuzi. Utaweka saini ya uongo kwa ajili ya dola ishirini? Kama hukununua, acha.

Lakini kama ulinunua, usiogope. Kesi ya NVIDIA iliangalia kama ulinunua mashine ile Marekani. Haikuangalia uraia wako. Kuna mzee alikataa kujaza fomu ya aina hii kwa miaka, akisema mimi mgeni, nisijitie kwenye mambo ya mahakama. Mzee wangu, pesa yako ulipolipa dukani, kuna aliyekuuliza wewe ni mgeni?

Matapeli nao wameshajua kwamba barua hizi zipo. Barua ya kweli ina jina la mahakama na namba ya kesi, na vyote viwili unaweza kuvihakiki mwenyewe mahakamani bila kupitia kiungo kilichomo kwenye barua. Na hakuna anayekudai ada ili akulipe fidia. Ukiambiwa tuma kadi ya zawadi ya dola 50 ili upate 500, hilo lifute hapohapo, na ukimaliza mpigie mama yako umwonye, kwa sababu amelipata na yeye.

Nimeambiwa muda umeisha na wali unapoa. Kwa waliobeba barua zao leo, meza iko pale kulia, dada wawili watakaa hadi saa mbili usiku, na hawatozi kitu. Njoo na barua nzima, siyo bahasha tu. Njoo na risiti kama unayo, au taarifa ya benki inayoonyesha siku uliyolipa. Laptopu iliyoharibika usiibebe, picha ya namba yake ya mgongoni inatosha. Wenye barua ambazo tarehe ya mwisho ya kudai ni mwezi huu watangulie mbele ya foleni, hata kama wamechelewa kufika.

Asanteni sana.